Majibu Niliyofungia Sandukuni

Ninyi vijana mnaosoma haya kwenye simu zenu, kaeni sawa. Sikuandika ili mnionee huruma, wala ili mseme bibi huyu ana hekima. Ningekuwa nayo nisingekuwa na la kuandika hapa. Mimi shule niliacha darasa la tatu. Kusoma Kiswahili nilijifunzia kambini kwa polisi, kwa mume wangu, kwenye karatasi za zamu. Kiingereza najua salamu tu. Kuhesabu najua. Hilo la kuhesabu mlikumbuke, maana ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyumba yetu iko hapa Kampala, chini ya kilima cha Lubaga, vyumba viwili na kibaraza cha kupikia. Hapo ninachemsha maharage, wapita njia wananunua asubuhi na katogo, ndizi zilizopikwa na mchuzi. Tulikuwa wanne: mimi na wajukuu watatu wa kike. Mama yao alikuwa binti yangu, tulimzika wale wadogo wawili wakiwa hawajaanza shule. Yule mkubwa, ambaye habari hii ni yake, hakumaliza sekondari. Alijifundisha kuandika programu za kompyuta kwa simu yenye kioo kilichopasuka, halafu kwa kompyuta ya mitumba. Miaka miwili aliinama hapo. Mimi nilikuwa nasema anacheza. Siku moja akavaa sketi yangu ya kanisani akaenda Bugolobi, kwenye ofisi moja ya jirani na viwanda, akarudi ana kazi.

Cheti hakuwa nacho. Walimchukua kwa sababu kazi yake ilionekana kwenye kompyuta, basi.

Mwaka wa pili ofisi ikabadilisha kazi. Akaja kuniambia ameketi palepale kibarazani, viatu hajavua. Jajja ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi.

"Jajja, sasa wanataka programu inayokisia. Ione mambo yaliyopita iseme yajayo."

"Hiyo ni kazi ya waganga."

"Ni hesabu, Jajja. Hesabu ambazo mimi sikuzifikia."

Wangepewa mtihani. Atakayeshinda anabaki. Atakayeshindwa, mkataba wake unaisha na mwezi. Wenzake wote walikuwa watu wa chuo kikuu, hesabu hizo walishazisoma. Yeye alikuwa na wiki tisa, na ofisi nyingine ya kumpokea bila cheti haikuwepo. Alikuwa ameshazunguka zote kabla ya hii. Kwa hiyo mnaelewa. Ilikuwa hesabu, au arudi kuchambua maharage na mimi.

Akaanza. Mwanzo alitazama masomo ya video. Mtu anaongea, anaandika ubaoni, yeye anatikisa kichwa kama mwenye kuelewa. Video ikizimwa, nikimwuliza amejifunza nini, anasema, "Nimeelewa, ila kueleza siwezi." Nikamwambia basi hujaelewa. Akanuna. Lakini siku ya tatu akaacha video akatafuta kitabu. Alikipata bure kwenye mtandao, na majibu yake akayapata kwenye faili jingine, mtu alikuwa ameyaweka huko. Simu ilikuwa ndogo kusomea, akaenda kwa watu wa fotokopi wakamtolea vyote, wakavifunga pamoja kwa waya wa plastiki. Maswali mbele, majibu nyuma. Ulikuwa mzigo mnene kama tofali.

Sasa hapa ndipo nilipoingilia.

Jumamosi moja nilikuwa nachambua maharage, yeye yuko mezani. Nikaona anasoma swali, kidole chake cha shahada kimekaa nyuma ya kitabu. Anasoma, anafungua nyuma, anasema "aha," anaandika. Anasoma, anafungua nyuma, "aha." Daftari lake lilikuwa safi kama la mwalimu. Hakuna mstari uliokatwa hata mmoja.

"Kidole chako kinafanya nini huko nyuma?"

"Nahakikisha tu, Jajja."

"Unahakikisha kabla hujafanya?"

Wadogo zake wakacheka. Yeye akasema, "Ndiyo, Afande." Hilo ndilo jina wanaloniita nikiwa mkali. Nikaleta kisu cha jikoni nikakata ule waya wa plastiki, nikachukua karatasi zote za nyuma, nikaziweka kwenye sanduku la bati nililotoka nalo kambini, nikapiga kufuli. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso.

"Sasa utafanya swali. Ukimaliza utaniletea. Nitatazama mimi. Nitasema ndiyo au hapana."

"Jajja, wewe hesabu hizi huzijui."

"Namba nazijua. Jibu lako na jibu la kitabu vikifanana nitaona. Kama hujui kufanana ni nini, nenda kaangalie sura za wadogo zako."

Hata yeye alicheka. Tukakubaliana: sitamwonyesha karatasi, sitamwambia jibu, hata akilia. Niliona nimefanya jambo kubwa. Na somo la kwanza na la pili, kweli lilikuwa jambo kubwa. Alikuwa ananiletea daftari asubuhi kabla ya kwenda kazini. Anasema, "Somo la pili, swali la tisa." Mimi nafungua sanduku, natafuta mbili, natafuta tisa, naweka kidole. Majibu mengine yalikuwa namba moja tu. Mengine yalikuwa namba zimepangwa safu safu ndani ya mabano kama askari wa gwaride. Nalinganisha moja moja. "Hapana." Anarudi, anakata, anaandika tena. "Ndiyo." Wiki mbili zikapita hivyo, daftari likajaa mistari iliyokatwa, na yeye akawa anatembea kichwa juu. Akasema, "Jajja, sasa nazijua. Hizi nazijua kwa mikono yangu." Nilimchinjia kuku.

Somo la tatu likaanza.

"Somo la tatu, swali la kwanza." Ndiyo. "La pili." Hapana. Akafanya tena. Hapana. Akafanya mara ya tatu, akaleta jibu lilelile la mwanzo. Hapana. La tatu, hapana. La nne, hapana. La tano, ndiyo, akaruka juu. La sita hapana, la saba hapana, la nane hapana.

Ningependa kuwaambia kwamba nilishuka moyo kwa ajili yake. La. Nilikasirika. Nilimwambia amelewa sifa, kuku amempanda kichwani. Akaongeza saa. Aliamka jogoo wa jirani hajawika, akaketi mezani, na nilipokuwa nawasha moto nilimkuta ameshajaza kurasa nne. Jumapili hakwenda misa. Somo la tatu likaisha tukaenda la nne, la nne likawa vilevile. Ndiyo moja, hapana sita. Ile ndiyo moja ilikuwa inamrudisha mezani. Bila hiyo nadhani angegundua mapema.

Siku moja akaja na kompyuta yake, ameifungua.

"Jajja, nimeiandikia kompyuta programu ihesabu swali hili yenyewe. Imepata kama mimi."

"Kompyuta hiyo nani kaifundisha?"

"Mimi."

"Basi imejifunza makosa yako."

Akaifunga kompyuta. Mimi niliona nimemshinda, nikarudi kwenye masufuria yangu. Wadogo wakaanza mchezo wa kumkejeli: mmoja anasema "mbili na mbili ni nne," mwingine anakunja uso kama mimi anasema "Hapana!" Niliwaacha wacheke. Yeye hakucheka.

Jumamosi iliyofuata akaniomba kitu kimoja. Swali lilikuwa hivi, nalikumbuka kuliko jina la kijiji nilichozaliwa. Kwenye mfuko kuna vitu vitatu vyekundu na vitano vyeupe. Unavuta viwili bila kutazama. Je, ni mara ngapi kwa ngapi vyote viwili vitakuwa vyekundu? Yeye alipata tatu juu, ishirini na nane chini. Nilikuwa nimeshasema hapana mara tatu.

"Jajja, nakuomba. Hili moja tu niambie kitabu kimesema nini."

Macho yake yalikuwa yamevimba. Nikavunja sharti mara moja hiyo.

"Tano juu, kumi na nne chini."

Midomo ikacheza, anahesabu. Halafu akasema, "Hiyo ni ya vyeupe viwili. Si vyekundu. Jajja, kitabu kimekosea."

"Kitabu kimekosea!" Niliwaita na wadogo waje wasikie. "Watu wamekaa na miwani yao wamechapa kitabu, wamekosea, na wewe wa kibarazani ndiye umepata?"

"Nionyeshe ukurasa."

"Sharti ni sharti."

Hakubishana. Akaenda kwenye gunia langu, lile nililonunua sokoni Kalerwe, akachagua maharage matatu mekundu na matano meupe, akayatia kwenye sufuria, akafunika kwa kitambaa. Akamwita mdogo wa mwisho avute mawili bila kuangalia, ayarudishe, atikise, avute tena. Akasema tutavuta mara hamsini na sita. Kama yeye amepata, mekundu mawili yatatoka kama mara sita. Kama kitabu kimepata, yatatoka mara ishirini. Mimi mwenyewe nilipiga alama kwa mkaa ukutani. Tulivuta mpaka chai ikapoa. Mekundu mawili yalitoka mara saba. Meupe mawili yalitoka mara kumi na tisa.

Alinitazama. Akageukia alama zangu mwenyewe za mkaa ukutani.

Nikasema, "Maharage ni ya kula. Rudisha kwenye gunia."

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mimi kabla yenu. Vita vya mwaka themanini na sita vilipokwisha, serikali ikabadilika, tulikuwa bado kambini, na watoto, tunangoja. Siku moja wakabandika karatasi langoni, majina ya askari polisi wanaotakiwa kuripoti kazini. Jina la mume wangu halikuwemo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi, namba yake anaijua, wenzake wa zamu wanamjua, wote walisimama pale wakasema huyu ni mwenzetu, karani ameruka jina. Aliyekuwa langoni akasema, karatasi ndiyo hii. Jioni hiyo tulibeba sanduku tukahama kambini. Mume wangu aliendelea kusema jina lake limerukwa, limerukwa, mpaka alipokufa, na mimi niliyekuwa namsikia nilikuwa namwambia anyamaze, kusema hakutusaidii. Nilichojifunza mimi ni kwamba mtu na karatasi wakigombana, karatasi inashinda. Nilidhani namfundisha mtoto jinsi dunia ilivyo.

Baada ya siku ya maharage hakubishana tena. Hapo ndipo ningetakiwa kuogopa. Alikuwa analeta daftari, analiweka mbele yangu, anageuka kwenda kabla sijafungua sanduku. Nikisema hapana anasema, "Najua." Siku moja nikasema ndiyo, akasema, "Haiwezekani," akarudi kulifanya upya. Akaanza kukata jibu kabla hajaniletea. Anaandika moja, analikata, anaandika la pili, analikata, ananiletea la tatu, baya kuliko yote, maana hilo la tatu alikuwa analikisia tu. Chakula aliacha sahani nusu. Mkanda wa sketi aliufunga kwa pini.

Nikamwuliza, "Unaumwa?"

"Hapana, Jajja. Nimegundua tu kwamba mimi sina akili hiyo. Nilipokuwa naona nimeelewa, nilikuwa sielewi. Sasa sijui hata kuelewa kunafananaje."

Nilimjibu nini? Nilimjibu, "Ongeza bidii."

Mtihani ulikuwa Ijumaa asubuhi. Alikwenda amekunywa chai tupu. Alirudi mchana akalala kifudifudi. Jumatatu wakampa karatasi yake. Akaniletea palepale nilipokuwa nasuuza masufuria. Maswali yalikuwa ishirini. Yote aliyafanya, na karibu yote aliyakata akaandika jingine pembeni. Aliyesahihisha alikuwa amezungushia duara nyekundu majibu kumi na moja, yale yaliyokatwa.

"Hizi duara ni za nini?"

"Ni yale niliyopata, Jajja. Halafu nikayafuta mwenyewe."

"Kwa nini uliyafuta?"

Akanitazama kama mtu anayetazama ukuta. "Kwa sababu niliyaona ni sawa. Kila nilichokiona ni sawa, kwako kilikuwa hapana."

Mkataba ulikuwa unaisha na mwezi.

Aliingia ndani. Mimi nilifungua sanduku nikatoa zile karatasi, nikachukua na mzigo wa maswali mezani, nikaketi chini kibarazani na vyote viwili. Sijui nilitaka kuona nini. Kwa wiki saba vilikuwa havijakaa pamoja, cha kwake mezani, cha kwangu chini ya kufuli. Kusoma maneno yake sikuweza. Nikafanya ninachokiweza, nikahesabu. Somo la kwanza, maswali kumi na mawili, majibu kumi na mawili. Somo la pili, kumi na tano, kumi na tano. Somo la tatu, maswali kumi na manane.

Majibu ishirini na manne.

Nikahesabu tena kwa kidole. Somo la nne, maswali ishirini na moja, majibu kumi na saba. La tano halikulingana. La sita halikulingana. Nikamwita. Alikuja, akachuchumaa, akatazama chini kabisa ya ukurasa wa majibu, pale penye maandishi madogo ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye kila karatasi. Mimi nilikuwa nimeyaona kila asubuhi nikadhani ni jina la mchapaji.

"Toleo la kwanza," akasoma. Akafungua mbele ya kitabu chake. "Hiki ni toleo la pili. Jajja, waliandika kitabu upya. Maswali mengi yalibadilishwa, machache yakabaki. Haya ni majibu ya maswali mengine."

"Tangu somo la tatu?"

"Tangu somo la tatu."

Nilingoja anipigie kelele. Ningekuwa mimi ningepiga. Yeye aliketi sakafuni, akavuta daftari lake, akaanza kupitia kurasa moja moja, akiweka alama ndogo ya kalamu kwenye majibu niliyokuwa nimeyakataa. Hii sawa. Hii sawa. Hii nilikosea. Hii sawa. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye karatasi naye anafuta kwa kiwiko, anaendelea. Alipofika kwenye lile swali la vyekundu na vyeupe alisimamisha kalamu.

"Tulivuta mara hamsini na sita, Jajja," akasema. "Ulipiga alama wewe."

Kesho yake sikupika. Nilivaa gauni langu, nikafunga mizigo yote miwili ya karatasi kwenye kitambaa, nikapanda boda mpaka Bugolobi. Yeye hakujua. Kiongozi wao wa kazi alikuwa mwanamke Mkenya, mdogo kwa umri kuliko binti yangu. Aliniita shosho, kama wao wanavyowaita bibi zao, akanipa kiti na maji. Nilimweleza yote, sikuruka. Sanduku, kufuli, hapana zangu, maharage. Nilimwekea vitabu mezani nikamwambia ahesabu mwenyewe, kumi na manane na ishirini na manne.

"Shosho, nakuamini," akasema. "Na hizo duara nyekundu nilizichora mimi. Niliona."

"Basi mrudishie kazi. Kosa ni langu."

Akavisogeza vitabu pembeni. "Ngoja nikuambie ukweli. Huku programu ikitoa jibu, atakuja mkubwa wa kiwanda tunachokifanyia kazi atasema haiwezekani, hiyo ni uongo. Nahitaji mtu wa kumwambia, 'Kaa nikuonyeshe nilivyopata.' Msichana wako anajua hesabu kuliko wawili niliowabakisha. Lakini leo nikimwambia mbili na mbili si nne, atakata."

"Atapona."

"Naomba apone. Akipona aje, mlango sitaufunga. Lakini sina nafasi ya kumngojea."

Nilitaka kupiga magoti. Nimewahi kupiga magoti kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na kilichovunjika nilikivunja mimi. Hata magoti yangu yangekuwa ya kunisaidia mimi, si mtoto. Nikafunga vitabu vyangu, nikanywa maji yake, nikatoka. Nilitembea kwa miguu mpaka mataa ya barabarani, ndipo nikapanda boda.

Nyumbani nilimkuta kibarazani anachambua maharage. Amevaa leso yangu ya kazi. Meza imekunjwa imeegemezwa ukutani, kompyuta imefungwa kwenye mfuko wake. Nikamwambia nilikokuwa na nilichoambiwa, chote, hata lile la kukata. Akasema, "Amesema kweli," akaendelea kuchambua. Mkono wake ulikuwa unakwenda haraka, kama wangu.

Nilimnyang'anya ungo. Nikaikunjua meza mwenyewe, mguu mmoja ukakataa nikaupiga teke. Nikaweka juu yake daftari jipya na kitabu cha maswali. Zile karatasi za majibu nikazitia motoni chini ya sufuria, mbele yao wote. Kisha nikawasimamisha wote watatu mstari mmoja, na nikawaambia:

"Sikieni wote, na mimi nimo. Meza hii haikunjwi tena. Dada yenu atakaa hapa kila asubuhi, mimi nitapika peke yangu. Akimaliza swali atatueleza amelipataje, toka mwanzo mpaka mwisho, na sisi tutakaa chini tumsikilize, hata kama hatuelewi neno. Na mtu yeyote wa nyumba hii asimwambie mwenzake 'hapana' kabla hajaweka kidole mahali penyewe kosa lilipo. Asiyeweza kuweka kidole, anyamaze."